Mpiga Besi Hachezi

Ukitaka kumuudhi Mzee Besi, mwambie kwamba besi haisikiki. Wengi wamemwambia hivyo, tena kwa nia njema, baada ya ibada au arusi: "Mzee, leo kinanda iko tamu kabisa, lakini wewe hapana sikika." Hapo hukunja midomo, huvuta pumzi ndefu, kisha huuliza, "Mulicheza?" Wakikubali kwamba walicheza, huwaambia, "Basi mulisikia. Masikio ya besi iko kwa mguu." Halafu hubeba amplifaya yake na kwenda zake. Amplifaya hiyo aliiunda mwenyewe kutokana na redio ya gari bovu, inakula betri ya pikipiki, na ukiigusa vibaya inakurusha kwa shoti. Imenirusha zaidi ya mara moja, na kila mara yeye alicheka.

Alizaliwa wapi, ukoo wake upi, alivuka mpaka kuja huku mwaka gani, hayo sikuwahi kumuuliza. Ulimi wake unasema alitoka upande wa Kongo, maana mtu kwake ni mutu mpaka leo. Watu wa Pajulu, hapo nje kidogo ya mji wa Arua, wanamwita Mzee Besi. Watoto wa kanisani humwita Besi tu wakidhani hayuko karibu, na mkewe humwita Baba. Mimi siku moja nilimwita Mwalimu, akanikatalia. "Mwalimu iko na chaki na fimbo," alisema. "Mimi iko na waya nne tu." Yeye ananiita Fundi, kwa sababu kazi yangu ni kushona. Nina cherehani na kibanda Koboko, karibu na pale yanapoegeshwa malori ya kwenda Sudani Kusini.

Cherehani ndiyo iliyonipeleka kwake, na kabla ya cherehani, suruali. Mteja mmoja aliniletea suruali ya kupunguzwa miguu. Alipokwisha kuichukua na kwenda zake nikakuta flashi sakafuni, imeanguka kutoka mfukoni, na mwenyewe hakurudi tena. Nikaichomeka kwenye redio yangu. Zikatoka nyimbo za magitaa, za vijana wa Ulaya huko, wakiimba kana kwamba wameamka sasa hivi na chai hawajanywa. Hazikuwa na majina, zilionyesha namba tu. Maneno yake sikuyaelewa na wala hayakunisumbua. Kilichonishika ni sauti moja ya chini iliyotembea peke yake chini ya kelele zote, na nilipotazama, mguu wangu kwenye pedali ya cherehani ulikuwa unaifuata. Siku ile nilishona kola ya shati juu chini kwa ajili ya sauti hiyo.

Jirani yangu wa kibanda, kijana anayetengeneza simu na kupiga gitaa, aliniambia muziki huo unaitwa indi. Alisema ni roki ya watu wasio na kampuni, wanaojirekodi wenyewe majumbani. Ile sauti ya chini hakuitaja kabisa. Wapiga solo ndivyo walivyo, wanajisikia wenyewe tu.

Baadaye kidogo nikapata kazi ya kushona kanzu za kwaya ya kanisa moja Pajulu. Nilikwenda kuwapima wakati wa mazoezi. Kiongozi wa kwaya, mama mmoja mwenye mabega mapana na kicheko cha karibu, alikataa katakata kunyamaza wakati wa kupimwa, akaimba huku nimemzungushia utepe shingoni. Nyuma yake walikuwa wapiga adungu, vile vinubi vyetu vya West Nile, viwili vidogo na kimoja kikubwa ambacho mpigaji wake hukaa chini. Kando ya hicho kikubwa, kwenye kibao, alikaa mzee mmoja peku, amelaza kidevu juu ya gitaa la besi kama anayesikiliza siri. Akagusa uzi mmoja. Sauti ikapanda kutoka sakafuni, ikanipita kwenye nyayo, na utepe ukaniponyoka. Ilikuwa ile ile ya kwenye flashi. Nilifurahi kama mtu aliyekutana na ndugu yake katika mji wa ugenini. Nikamwacha mama wa watu amesimama, utepe unaning'inia shingoni, nikaenda kumuuliza mzee kama anafundisha.

Alitazama miguu yangu. "Hii mguu inafanya kazi gani?"

"Cherehani, Mzee. Ya kukanyaga."

Akageuka kwa yule mama na kupaza sauti kanisa zima likasikia. "Mama! Mungu ametuma mutu!"

Ili ujue furaha hiyo ilitoka wapi, lazima nikueleze desturi ya kwaya ile, ambayo sijaiona kwingine. Kwao wimbo hauishi mpaka besi inyamaze. Waimbaji wakichoka hunyamaza. Wapiga adungu huweka vinubi chini wakaingia uwanjani. Mpiga ngoma huenda kunywa maji. Lakini besi ikiwa bado inatembea, wimbo bado upo, na hakuna anayeruhusiwa kuketi, hata awe shemasi. Besi ikikoma, umekwisha. Kwa sababu hiyo mpiga besi hachezi. Akiinuka tu, amevunja shughuli ya watu.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Mzee Besi hakuwahi kucheza kwao wala kwa watu. Arusi za Pajulu, arusi za Dadamu, ubatizo, shukrani za mavuno, zote alizikalia kwenye kibao chake akitazama watu wakicheza na mkewe. Maana yule mama niliyemwacha na utepe shingoni ndiye mkewe, na Mama anapenda kucheza kuliko kula. Hata arusi yao wenyewe aliipigia besi yeye mwenyewe, kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kuipiga, na bibi arusi akacheza na mashemeji.

"Sasa goti ya Mama imeanza kusumbua," aliniambia siku ile ile. "Mimi nafundisha wewe, lakini iko sharti. Siku moja wewe takaa kwa hii kibao, na mimi tasimama pale." Alionyesha kwa kidevu mahali aliposimama mkewe. "Wimbo moja tu. Moja mzima, mwanzo mpaka mwisho, mimi na Mama."

Hakuwa anatania. Alikuwa na viatu vyeupe vya ngozi ndani ya boksi, alivyonunua soko la Ariwara, ng'ambo ya mpaka, miaka mingi iliyopita kwa ajili ya wimbo huo mmoja. Kila Krismasi alivipaka rangi na kuvirudisha uvunguni mwa kitanda. Soli zake hazikuwahi kukanyaga udongo. Vijana kadhaa walishapita mikononi mwake kabla yangu, na wote walimkimbia, kwa sababu kijana akishika besi juma moja anataka solo. Mmoja alihamia kwenye kinanda, na Mzee alimtaja jina lake kwa huzuni kama mtu aliyepotelea vitani.

Kila Jumamosi nikafunga kibanda na kuteremka Arua. Somo la kwanza lilikuwa kuvua viatu. La pili pia. Gitaa sikuligusa. "Wimbo kwanza kwa mdomo," alisema. "Kama mdomo hapana jua, kidole inadanganya." Basi nikazunguka nyumba yake peku nikiimba dum, dum-du, dum, mwanamke mzima na akili zangu, majirani wakichungulia juu ya ua. Mama alikuwa akimenya karanga mlangoni, na nilipoteleza alinirekebisha bila kuinua macho. "Juu kidogo, Fundi. Hapo. Sasa kaa hapo." Mbuzi wao alinifuata nyuma raundi zote, sijui kwa kupenda muziki au kwa maganda ya karanga.

Nilipopewa gitaa hatimaye, nilipewa uzi mmoja. Nyingine tatu alizifunga kwa kitambaa. Nikalalamika.

"Fundi, wewe nashona na sindano ngapi?"

"Moja, Mzee."

"Basi."

Alipozisikia nyimbo za flashi kwa mara ya kwanza aliacha kazi aliyokuwa akiifanya. Alikuwa ameinamia spika, macho amefumba. "Hawa vijana iko na shida gani?" akauliza.

"Sijui, Mzee. Ni Kizungu cha haraka."

"Mimi nasikia. Mutu ya kuimba analia. Mutu ya solo analia. Lakini mutu ya besi!" Akacheka peke yake. "Huyu hapana lia. Huyu anaenda sokoni, anasalimu watu njiani."

Nilipomweleza kwamba ni watu wasio na kampuni, wanaojirekodi wenyewe nyumbani, alinitazama kama niliyemletea habari za jamaa zake. "Kumbe! Kama sisi." Tangu siku hiyo akawaita wale vijana wetu, na kabla ya chakula aliwaombea, hasa yule mwimbaji, kwamba mwanamke wake amrudie.

Kwa kuwa nyimbo hazikuwa na majina, tulizipa sisi. Kuna Ya Mama Mkwe, ambayo besi yake inaingia bila kupiga hodi. Kuna Ya Mlima, inayopanda polepole kama mtu anayekwenda maofisini kule Mlima wa Arua, inafika juu, inaambiwa njoo kesho, inashuka. Na kuna Ya Kwikwi, niliyoipenda kuliko zote. Besi inatembea vizuri, inakwama kidogo mahali ambapo hukutarajia, kimya kinapita, halafu inaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Nilichukua mwezi mzima kuipata kwikwi ile. Nilikuwa naijaza. Mkono wangu haukuvumilia kimya.

Kuna Jumamosi tuligombana kwa sababu hiyo. Nilikuwa nimejifunza mbwembwe fulani, nikazimwaga zote ndani ya Ya Kwikwi, nikingoja sifa. Akanyoosha mkono na kuziba nyuzi.

"Fundi, kifungo ya shati nawekwa wapi?"

"Pale inapofungukia, Mzee."

"Wewe naweka mpaka mgongoni."

Mimi ni mwepesi wa hasira, marehemu mama yangu alijua na wateja wangu wanajua. Niliweka gitaa chini nikatafuta viatu vyangu niondoke. Bahati yao, au yangu, Mama alikuwa ameshaandaa enyasa, ule ugali wetu wa muhogo na mtama, pamoja na samaki wa angara waliopikwa kwa simsim. Mtu mwenye akili zake haondoki mbele ya angara. Nikala nimenuna. Nilipomaliza nilirudi kwenye gitaa, nikatoa vifungo vyote vya mgongoni, na wimbo ukasimama wenyewe. Furaha niliyoipata saa ile sikuipata hata siku niliponunua cherehani. Mzee sifa hakunipa mimi. Alikwenda kumwambia mbuzi.

Hapo ndipo nilipoanza kumwona vizuri, na jinsi asivyolingana na maneno yake. Alihubiri kwamba besi haina kelele, lakini yeye mwenyewe hanyamazi, anaongea mpaka na betri. Alinikataza kutazama vidole, lakini yeye akipiga hujitazama kwenye kioo cha dirisha, tena hutengeneza kola. Alijisifu kwamba mtu akikosea besi Dadamu yeye anasikia akiwa kitandani Pajulu, na sikio lake la kushoto limekufa siku nyingi kwa kukaa kando ya ngoma. Ndiyo maana hulaza kidevu juu ya gitaa. Anasikia kwa mfupa na kwa nyayo, na hilo hamwambii mtu. Niliambiwa na Mama, ambaye siku zote hukaa upande wake wa kulia.

"Harakisha, Fundi," Mama alininong'oneza siku hiyo, akijisugua goti. "Yeye anangoja wewe, lakini hii goti hapana ngoja mutu."

Sasa, kule Koboko, jirani yangu fundi simu alikuwa na gitaa lake, na alikuwa na rafiki anayepiga ngoma. Tukakubaliana tuzipige nyimbo za flashi sisi watatu. Mzee aliniazima besi yake kwa siku chache, irudi kabla ya Jumapili, akaikabidhi kwangu kwa maelekezo mengi kuliko anayokabidhiwa yaya. Tukakusanyika nyuma ya kibanda. Tulipoanza tu, ilikuwa kama mbuzi wawili ndani ya gunia moja. Tukaanza tena. Mbuzi wale wale.

Fundi simu akatoa simu yake, ile programu ya kutuni gitaa, akaiweka karibu na besi. "Dada," akaniambia, "hii gitaa iko chini. Tena hapana kidogo, iko chini kabisa."

Basi tukakaza. Tukakaza zaidi. Uzi mnene ukakatika kwa mlio uliomfanya mpiga ngoma ainame nyuma ya ngoma yake. Nyuzi za besi hazipatikani Koboko, na bila besi ile hakuna ibada ya Jumapili, hakuna wimbo mmoja wa Mzee na Mama, hakuna chochote. Niliizungushia kitenge kama mgonjwa, nikapanda nayo gari kwenda Pajulu, njia nzima nikipanga maneno ya kuomba radhi.

Sikuyatumia. Mzee aliutazama uzi, akanitazama mimi. "Munataka kupandisha?"

"Ndiyo, Mzee. Simu ilisema iko chini."

Alianza kucheka akiwa amesimama na akamaliza akiwa amekaa. "Mama! Mama, kuja sikia! Vijana ya Koboko wanataka kupandisha wewe!"

Ndipo nilipoelewa. Besi ile haikuwahi kutuniwa kwa kinanda wala kwa simu. Kila Jumapili kabla ya ibada Mama huguna sauti moja, ile inayomjia bila kulazimisha, na adungu zote pamoja na besi hutuniwa kwayo. Na sauti ya Mama, kadiri miaka ilivyokwenda, ilikuwa ikishuka. Kwaya nzima ilikuwa imeshuka naye, kidogo kidogo, Jumapili kwa Jumapili, na hakuna aliyegundua isipokuwa mwenye kulegeza nyuzi.

Mama alikuwa amesimama mlangoni na ungo wa karanga. Hakuwa anacheka. "Mimi nafikiri sauti yangu iko pale pale," alisema.

"Iko pale pale," Mzee akajibu.

"Baba. Umenishusha?"

"Hapana shusha. Mimi nakufuata."

Mama alimtupia ganda la karanga, akaingia ndani, na akakaa huko muda mrefu kuliko kazi yoyote iliyokuwemo. Mimi nilitoa machozi hapo uani, nasema wazi, na mbuzi akaninusa mkono. Mzee yeye alikuwa ameshaanza kufungua waya wa breki ya baiskeli ili autengeneze uwe uzi mpya. Ule uliokatika nao ulikuwa wa breki, nikagundua. Aliufunga, akagonga dirisha, na kutoka ndani, bila kuonekana, Mama akaguna sauti yake. Akautuni.

Niliporudi Koboko na besi niliwaambia wenzangu wazime simu na kulegeza nyuzi za gitaa. Fundi simu alinung'unika, akalegeza. Nyimbo za flashi ziliposhuka mpaka kwa Mama zikapata tumbo, zikawa za watu waliokwisha kunywa chai. "Dada," fundi simu akasema, "sasa iko tamu kushinda ya wenyewe." Kwa mpiga solo, hiyo ni sifa kubwa.

Mara ya mwisho kuwaona ni wiki chache zilizopita, hapa hapa Koboko. Mama ameamua kumwachia kwaya dada mmoja kijana, na kwa kuwa ndugu zake Mama wako huku, walimfanyia sherehe ya shukrani uani kwao, mchana kweupe, chini ya turubai. Kwaya ilikuja kutoka Pajulu na adungu zao zote juu ya pikapu. Gauni la Mama nililishona mimi, refu, ili bandeji ya goti isionekane. Mzee Besi alishuka ameshika besi mkono mmoja na boksi la viatu mkono mwingine.

Alipiga nyimbo za ibada, zote. Kisha akaninyooshea gitaa, akainuka. Nilikuwa sijawahi kukiona kibao kile kikiwa kitupu, na nilipokikalia kilikuwa na joto lake. Nilivua viatu huku yeye akivaa vyake vyeupe. Ikiwa nitakosea na kukwama, wimbo umekwisha, na wimbo wake ulikuwa huo mmoja.

"Ya Kwikwi," alisema.

"Mzee, mbele ya watu wa kanisa?"

"Ya Kwikwi. Iko na nafasi ya kuvuta pumzi. Goti ya Mama inataka nafasi."

Nikaanza. Fundi simu, niliyekuja naye pamoja na rafiki yake wa ngoma, akaingia, na ngoma, na adungu kubwa ikaelewa haraka kuliko nilivyoelewa mimi. Watu walipiga vigelegele walipomwona Mzee Besi akiingia uwanjani na kumpa Mama mkono. Kisha vikapungua, kikaja kicheko. Mzee hakujua kucheza! Mtu aliyewachezesha wengine maisha yake yote alikuwa akienda kulia Mama akienda kushoto, akiinua mguu wakati wengine wameushusha, jasho linamtiririka, uso wa mtu aliyepotea sokoni. Nilimhurumia mpaka nikauma mdomo.

"Baba, wewe nasikia nini?" Mama alimpigia kelele upande wa kulia.

"Hapana sikia kitu! Hii viatu!"

Na viatu vikamjibu. Gundi ilikuwa imezeekea ndani ya boksi, soli ya kushoto ikabanduka mbele na kuanza kupiga makofi yake yenyewe, nje ya wimbo. Uwanja mzima ukaangua kicheko, Mama akiwa wa kwanza. Mzee alivitazama viatu vya miaka yote ile. Akarusha kimoja kulia, kingine kushoto, akakanyaga udongo peku. Nilimwona akitulia kidogo kama anayesikiliza siri, kama siku ile nilipomkuta kanisani. Kisha nyayo zake zikasikia, na akaanza kucheza.

Sitaweza kueleza vizuri. Alicheza kama anavyopiga, kidogo tu, kila mguu mahali pake, na Mama alimzunguka akikata kiuno kama hana goti. Nilijisahau nikitazama, nikaruka kwikwi moja. Mzee akageuza kichwa mara moja, macho makali. Mama akamshika kidevu, akamrudisha. "Wacha," alimwambia. "Hiyo iko kazi ya Fundi."

Wimbo ule kwenye flashi ungekuwa umeshakwisha zamani. Fundi simu aliweka gitaa chini akaenda kutafuta soda. Mpiga ngoma alifuata. Wapiga adungu walikuwa wote uwanjani. Ilibaki besi peke yake, nami nikalaza kidevu juu yake, na nikamsikia Mama akiguna sauti yake wakati huo huo, uzi na yeye pamoja, wala sikuweza kuwatenganisha. Mzee alinitazama juu ya bega la mkewe.

"Fundi," akasema, "maliza sasa. Imetosha. Goti ya Mama."

"Goti iko yangu," Mama akasema. "Fundi, ukinyamaza, kanzu zote nakurudishia."

Kwa desturi yao, mwenye besi ndiye mwenye kumaliza. "Nifanye nini, Mwalimu?" nikauliza, na safari hii hakunikatalia jina. Alimtazama Mama, akacheka, akamshika vizuri zaidi. Nikafika kwenye kwikwi, nikavuta pumzi pamoja nao, nikaingia tena.